Yai Lililorudi Ipinda

Jumamosi, mkesha wa Pasaka. Tukuyu, mvua tangu Jumatatu,
na juu ya meza yetu mayai mawili ya chokoleti
yamevishwa karatasi ya dhahabu kama meno ya tajiri.
Dada Atuganile kayatuma kutoka Mbeya mjini
na ujumbe: "Ya watoto. Usiwe bahili."

Mke wangu Tusekile hakuyagusa.
Akasema, kaburi lilikuwa tupu,
hawakukuta peremende mle.
Akasema, lile jino la Ipyana ulilipia wewe?
Na huyu Bupe ukimwonjesha leo
kesho ataniomba dukani mbele ya watu,
nami nitamjibu nini? Mwezi una siku thelathini,
mshahara una wiki moja.

Nikanyamaza. Mimi ni mwana wa kakao.
Kule Ipinda nilikua na kisu kidogo cha kupasulia maganda,
na sheria ya nyumbani ilikuwa fupi:
kufyonza ute mweupe, ruhusa;
kutafuna mbegu, fimbo.
"Hiyo ni ada yako unaitafuna," mama alisema,
na kweli ilikuwa ada.
Mbegu zilivundikwa chini ya majani ya mgomba,
zikatoka jasho siku sita, zikanuka kama siki,
zikaanikwa, zikapimwa, zikaenda.
Zilikokwenda hatukuuliza.
Magunia hayaagi.

"Tuwape kidogo," nilisema mwishowe.
Si kwa ajili ya Pasaka. Pasaka ina vyake:
alfajiri makaburini, matarumbeta yamejaa ukungu,
mchungaji anaita, nasi tunaitikia
huku viatu vikizama matopeni,
na Bupe ananiuliza, sauti juu,
kama babu naye anatoka sasa hivi
au baada ya chai.
Hilo halihitaji sukari.
Ila mtoto naye ana haki
ya siku moja isiyo na faida.

"Haki yao," akauliza Tusekile, "au fahari yako?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Tukapatana: yai moja lipasuliwe baada ya ibada,
la pili liende kwa bibi yao.
Kwa baridi ile lilikuwa gumu kama kokoto;
kisu kikateleza, vipande vikaruka,
Ipyana akatambaa chini ya meza kama anayetafuta sindano.
Bupe akalamba, akakunja uso.
"Ina uchungu kwa nyuma," alisema,
akanyoosha mkono tena.

Jumatatu tukateremka.
Mashamba ya chai yakabaki juu na mawingu yake,
sweta zikavuliwa moja moja,
na mfukoni mwangu yai likaanza kusahau umbo.
Tulipofika lilikuwa tope ndani ya dhahabu.

Mama akaikunjua karatasi magotini.
Akachovya kidole,
kidole kilichogeuza kakao miaka arobaini,
akalamba, akatazama pembeni, upande wa kichanja.
Nilitegemea chozi, au baraka;
mimi hupenda mambo yaishe vizuri.

"Sukari wameimwaga," akasema.
"Lakini humu ndani kuna mbegu ilianuliwa kabla ya siku zake.
Mvivu gani huyu? Si ya kwangu hii."
Akalamba tena, kuhakikisha.
Tusekile akacheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa,
akachovya naye.

Kisha mama akaenda shambani, akarudi na tunda la manjano,
akalipasua kwa pigo moja
na kuwagawia wajukuu mbegu zake nyeupe, zinateleza.
"Fyonzeni," alisema. "Msitafune."

Ipyana alitafuna.
Nilimwona. Bibi yake pia alimwona.
Fimbo ilikuwa pale pale, nyuma ya mlango,
imeegemea ukuta,
na hakuna aliyeinuka.